Bibi Kanywa Masomo ya Rehema

Haya nyie, sogeeni! Na wewe zima simu, hii haipo huko mtandaoni.

Mie shule niliisikiaga kengele yake tu. Lakini mpwa wangu Rehema, anayekaa hapa kwangu Kiwalani, yuko chuo kikuu anasomea Kiarabu: lugha na mashairi ya Waarabu wa kale. Wanangu, nimechoka! Tangu mtaa ujue, nyumba imegeuka zahanati. Huyu anataka dua ya biashara, yule mtoto wake halali. Rehema anawaambia, "Jamani, mie nasoma fasihi." Wanamjibu, "Hiyo hiyo fasihi, mama, tusomee!"

Basi naikumbuka asubuhi moja. Rehema alitakiwa apeleke kazi kwa mwalimu wake mchana ule. Asipopeleka, anarudia mwaka. Na mwalimu hataki ya kompyuta, anataka mwandiko, kwa kalamu ya mwanzi na wino wa kuchovya. Binti kaandika shairi la kale, kurasa mbili zinang'aa kuliko bati jipya, kaziacha mezani zikauke, kaenda kuoga.

Mama yangu, bibi yake, goti lilikuwa linamtesa. Likilia, majirani wanadhani tunafungua geti. Akayaona yale maandishi. Na kombe mnalijua: sheikh anaandika aya kwenye sahani kwa zafarani, unasuuza kwa maji, unakunywa upate shifaa. Mama hakuuliza mtu! Akatia kurasa zote kwenye beseni, akazisuuza mpaka zikawa nyeupe kama kanzu ya Iddi, akanywa yale maji meusi tii.

Rehema kutoka bafuni, yowe alilopiga, ndege iliyokuwa inatua pale uwanjani iligeuza.

"Bibi, kazi yangu iko wapi?"

"Iko tumboni, mjukuu wangu. Tena chungu!"

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Yaliyonywewa je, utayafuata wapi? Nikataka kufoka, sasa nimfokee nani, mama? Nikaita bajaji, nikampakia Rehema, na mama awe shahidi na beseni lake, hao mpaka chuo.

Mwalimu akaamkia, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kazi yenu hii hapa," mama akatoa ulimi, mweusi kama masizi ya sufuria.

Mwalimu alicheka mpaka miwani ikadondoka. Akampa Rehema karatasi na wino: "Kaa hapo, andika upya." Heri shairi alikuwa nalo kichwani. Kaandika, kafaulu. Mie nilipouliza shairi lenyewe linasemaje, Rehema akainama: lilikuwa la kumtukana tajiri mmoja bahili, yeye na ngamia wake.

Mwanangu, usilolijua ni sawa na usiku wa giza. Si kila Kiarabu ni dua. Waarabu nao wanatongozana na kutukanana kwa lugha hiyo hiyo. Uliza kwanza, kuuliza si ujinga. Na nyie wasomi, msiikalie elimu kama kuku na mayai. Waelezeni wazee wenu mnasoma nini, kwa upole, kabla hawajaleta beseni. Mungu awape elimu yenye faida, awape na wazee wenye subira, na mie anipe...

"Akupe kunyamaza!" mama kadakia huko barazani. "Goti si limepona? Limetukanwa, likaona haya, likanyooka!"