Bajeti Inayokula Majani Boga

Muzee jirani yangu hapa Rwambuzi anataka kujenga nyumba ya etaje, ghorofa kabisa, na bajeti yake yote inakula majani huko Boga. Ukimwambia madirisha ni dola mia sita, anafumba macho, vidole vinatembea juu ya fimbo, halafu anasema, "Ndama mbili." Kalamu hashiki. Fimbo hiyohiyo ndiyo anayopimia vyumba, ndiyo anayogongea matofali moja moja, sikio limeinama kama daktari. Antreprena wa kujenga nyumba akija kuomba kazi haulizwi diplome, na mimi mwenye nusu ya diplome namshukuru. Anaulizwa, "Ulijengea nani? Na bado anakusalimia?" Watatu walipanda pikipiki zao bila kujibu.

Jana wa nne, Emery, alijibu vizuri, akaanza kusoma bei. Simenti, ng'ombe sita. Mabati, wanne. Muzee anaitikia tu. Walipofika kwenye bei ya ngazi ya kupandia juu, fimbo ikasimama.

"Inabakia Bihogo," alisema, sauti imeshuka. Wakati wa vita alikimbia na ng'ombe huyo, siku tisa njiani, chakula ni maziwa yake tu.

Nikamchokoza: "Papa, Bihogo amezeeka. Nyama yake itavunja watu meno."

Hakucheka. Alichukua mchoro wa nyumba, akaikunja etaje nyuma ya karatasi, akaupapasa mkunjo kwa kidole gumba, polepole, mpaka ikabaki nyumba ya chini peke yake.

"Jenga hii," alimwambia Emery. "Bihogo hata hajui kupanda ngazi."