Waya wa Shule

Katika utoto wangu, kwenye kijiji kilicho mbele kidogo ya Litapunga, upande wa Mpanda, radi haikuwa inapiga. Ilikuwa inatumwa. Ng'ombe akiungua malishoni, watu hawakuuliza wingu lilitokea wapi. Waliuliza mwenye ng'ombe amegombana na nani. Jibu lilipatikana kila mara, kwa sababu hakuna mtu kijijini ambaye hajagombana na mtu.

Baadaye nilikwenda chuo kikuu, nikasomea umeme, na kazi yangu imekuwa hiyo mpaka leo. Naweza kueleza kilichotokea shuleni kwetu kwa usahihi. Usahihi haujanisaidia sana. Wanaokieleza vingine ni wengi kuliko mimi, na siku hizi wana simu.

Mwalimu wetu wa sayansi aliitwa Deodati. Alikuwa Mfipa wa Sumbawanga, na kwa kijiji chetu hilo lilitosha kumhukumu. Sumbawanga, tuliambiwa, ndiko radi inakofugwa kama mbwa. Hakuna aliyewahi kufika huko kuhakikisha, lakini wote walikuwa na binamu ambaye alikuwa na rafiki aliyefika.

Shule ilikuwa juu ya kilima kidogo, paa la bati, peke yake. Masika moja radi ilipasua ukuta wa darasa wakati wa likizo. Wazazi waliitisha mkutano kutafuta aliyeituma. Mwalimu Deodati yeye alikwenda Mpanda, kwenye mgodi wa zamani uliokuwa umefungwa, akaomba fimbo ya shaba na waya mnene uliosokotwa, akavileta nyuma ya lori la mahindi. Alifunga fimbo juu ya paa. Waya akaushusha ukutani, kando ya dirisha la darasa letu, hadi kwenye shimo alilolijaza mkaa na chumvi, kisha akalimwagia maji.

Kosa lake lilikuwa chumvi. Akina mama waliokuwa wakipita na madumu yao walisimama, wakatazamana. Mtu anayezika chumvi ardhini, kwetu, ana jambo.

Darasani alitueleza. Nakumbuka maneno yake kwa sababu baadaye nimeyasoma katika vitabu vikubwa na hayakuwa bora zaidi.

"Radi haina chuki na mtu. Inatafuta njia ya kufika chini. Mkiipa njia itapita huko. Msipoipa, itapita kwenu."

"Mwalimu, hiyo inatumwa na nani?" aliuliza Elia. Elia tulikaa dawati moja, yeye upande wa dirisha. Alikuwa hawezi kufunga mdomo.

"Na wingu."

"Sasa wingu limegombana na nani?"

Darasa lilicheka, na Mwalimu akacheka kuliko sisi. Nadhani alifurahi kwamba angalau mmoja wetu alikuwa anauliza.

Nyumbani, bibi yangu alinikalisha karibu naye. Aliniita mume wangu, kama mabibi wote wanavyowaita wajukuu wao wa kiume.

"Mume wangu, kile chuma cha yule Mfipa, kaa nacho mbali. Kitaua mtu kile."

"Bibi, Mwalimu anasema kinazuia."

"Anasema. Kwani mwenye mtego huwa anawaambia digidigi?"

Nililiona jibu hilo kuwa la busara sana. Watu wanaosifia busara za wazee wangenisaidia kama wangesema ni zipi.

Mwalimu alipokwenda tena Mpanda kwa shughuli za shule, wazazi walimleta mganga kutoka upande wa Kakese. Alizunguka darasa, akanusa ukuta, akaonja udongo wa shimoni. Akatangaza kwamba waya ule ulikuwa unaita radi zote za mkoa, na kwamba radi ingekuja hapo hapo kabla masika hayajaisha. Akaombwa aung'oe.

Sasa, kuung'oa wote kulitaka mtu apande juu ya paa. Mganga alitazama juu. Wazazi wakatazama juu. Mbingu ilikuwa nyeupe, haina hata wingu, lakini hakuna aliyeweka mguu kwenye ngazi. Mganga akasema kilicho juu kimeshaonwa na mbingu, hakiguswi. Basi wakakata pale mkono ulipofika, usawa wa kifua cha mtu mzima, wakafukua kilichobaki mpaka shimoni. Mzee Masunga, Msukuma aliyekuja kwetu na ng'ombe zake akitokea kaskazini, ndiye aliyeushika waya huku mganga akiukata kwa panga analoligonga na jiwe. Masika yaliyopita radi ilikuwa imemuulia ng'ombe, na hakuna aliyekuwa na hamu kuliko yeye.

Kisha wakafanya jambo ambalo sijalikuta katika kitabu chochote cha ufundi. Mganga alisema shaba iliyozoeana na radi haiwezi kuumwa na radi. Basi ivaliwe. Waya wa kinga ya shule ukakatwa vipande, ukakunjwa, ukawa bangili, na kila mtoto wa darasa letu akavishwa ya kwake. Waliokaa karibu na dirisha walivishwa kwanza, kwa sababu ndio waliokuwa hatarini zaidi.

Nataka msomaji aone vizuri kilichobaki. Juu ya paa, fimbo iliyosimama kuipokea radi. Ukutani, waya mzuri wa kuishusha. Na mwisho wa waya huo ukining'inia hewani, pembeni ya dirisha, kimo cha kichwa cha mtoto aliyekaa darasani. Mtu mwenye nia ya kuua asingepanga vizuri zaidi.

Mwalimu Deodati aliporudi alisimama mbele ya waya ule muda mrefu. Aliingia darasani, akasogeza madawati ya dirishani hadi ukuta wa pili. Kesho yake mwalimu mkuu akayarudisha, kwa kuwa wazazi walikuwa wamelalamika kwamba Mfipa anawavuruga watoto. Ndipo akatuambia, kwa sauti ya mtu anayeomba:

"Nyie watoto, nipeni hizo bangili. Nitaziunga, nitauunga waya tena. Nawaombeni."

Hakuna aliyesogea. Tulikuwa tumeahidiwa viboko nyumbani tukizivua. Nyuma yetu alikaa Kabula, binti wa Mzee Masunga. Yake ilikuwa imekazwa na baba yake mwenyewe kwa koleo, isingetoka hata kwa sabuni.

Elia peke yake alivua. Alikwenda mbele akitembea kwa madaha, akaiweka mezani.

"Chukua yangu, Mwalimu. Mimi sina ugomvi na wingu."

Tulicheka. Mwalimu aliitia mfukoni.

Haikupita wiki. Ilikuwa mchana, mvua haijaanza, upepo tu unabamiza dirisha. Sikusikia mlio. Wengine husimulia mlio, mimi sina. Nina mwanga mweupe na harufu kama ya kucha zinazoungua. Nilipoweza kuona, Elia alikuwa amelaza shavu kwenye daftari lake, kalamu ingali mkononi. Kabula alikuwa sakafuni, akishika kifundo cha mkono wake na kufungua mdomo bila sauti kutoka. Bangili ilikuwa imemuunguza duara kamili. Sikio lake la kushoto halikusikia tena.

Elia alikuwa amekufa.

Hesabu ya kijiji ilikuwa rahisi. Waliovaa bangili walikuwa hai. Aliyevua alikuwa amekufa. Mfipa ndiye aliyemvua, na bangili ilikutwa mfukoni mwake. Nimekutana na watu wenye shahada ambao wangekubali ushahidi huo bila kuuliza nani alikaa wapi, wala waya ulikatwa na nani.

Msibani, mama yake Elia hakusema lolote jingine. "Angebaki na bangili yake. Angebaki tu na bangili yake." Mganga alikuwapo, ameketi na wazee, anakula pilau, anapewa pole kana kwamba aliyefiwa ni yeye. Mwalimu Deodati alipakiwa kwenye lori na sanduku lake kabla vijana hawajafika kuchoma nyumba. Hatukumwona tena.

"Nilikwambia, mume wangu," bibi yangu alisema jioni ile. "Sikukwambia?"

Alikuwa ameniambia. Chuma kiliua mtu, kama alivyosema. Alipatia tukio, akakosea kila sababu, na akazikwa miaka mingi baadaye akiheshimiwa kama mwonaji.

Kabula nilimwoa. Tulianza maisha Mpanda mjini, mtaa wa Majengo, na nilizoea kukaa kuliani kwake ili anisikie. Bangili ilikatwa hospitali siku ile ile ya ajali, lakini kidonda kilipopona aliomba ikunjwe upya, akaivaa kufunika kovu. Kila aliyeiona aliona muujiza. Yeye aliiita mali ya shule.

"Hii si yangu," alikuwa akisema akiosha vyombo. "Siku wakiidai, narudisha."

Mara moja tu aliniomba nimchoree. Nilimchorea paa, fimbo, waya, dirisha, Elia.

"Kwa hiyo mganga aliifungulia radi mlango," alisema.

"Ndiyo."

"Na baba yangu akamshikia."

"Ndiyo."

Akaendelea kuchagua mchele. Hakuuliza tena, na nyumbani kwa baba yake aliendelea kupiga magoti akimsalimia.

Mwaka jana figo zake zilishindwa kufanya kazi. Nilikuwa naye mpaka mwisho. Sitaeleza zaidi ya hapo.

Watu walijaa nyumbani kwetu Majengo kuomboleza. Binamu yake mmoja, kijana mwenye stashahada ya mambo ya kompyuta, alinisogelea na simu sikioni. Alikuwa anasikiliza ujumbe wa sauti kutoka kwenye kundi la ukoo.

"Shemeji, wazee wanasema radi ina kawaida ya kurudi kuchukua kilichobaki. Hiyo bangili itupwe mtoni leo leo."

"Ni figo," nilimwambia.

"Ndiyo, shemeji. Huko kwenye figo ndiko ilikokuwa imejificha."

Nilimtazama. Mkononi alishika chombo chenye uwezo wa kumletea kitabu chochote cha tiba duniani, naye alikuwa amekitumia kumbeba mganga wa Kakese kutoka kilimani kwetu hadi sebuleni kwangu, bila hata nauli. Nikaivua bangili mkononi mwa mke wangu kabla hajafungwa sanda, nikaitia mfukoni.

Kijijini sasa kuna mnara wa simu. Wanasema unafukuza mvua. Husema hivyo wakiwa wamesimama chini yake, kwa sababu ndipo mtandao unaposhika vizuri. Shule ile imejengewa madarasa mapya juu ya kilima kile kile, na kuta zake zilipakwa rangi kabla hazijakauka vizuri. Mafundi waliweka kinga ya radi. Kabla ya masika, waya wake ulikuwa umekatwa usawa wa kifua. Vijana wanauza bangili za shaba za kuzuia mionzi ya mnara.

Mwalimu mkuu wa sasa, mama mmoja mchangamfu, alinipigia simu. Nilikwenda na waya mpya. Kwanza nikaomba wazazi waje, nikawaonyesha picha kwa projekta, nikawaeleza kwa Kiswahili chepesi kuliko hiki. Walinirekodi kwa simu zao. Nilipouliza kama kuna swali, mzee mmoja alisimama.

"Mhandisi, tumekuelewa sana. Sasa hii inazuia ya kawaida. Ile ya kutumwa je?"

Watu wakatikisa vichwa kuafiki. Lilikuwa, kwao, ndilo swali la kitaalamu.

Nilifunga fimbo. Niliteremsha waya. Shimo nililijaza mkaa na chumvi, kama nilivyofundishwa. Halafu nikatoa bangili ya Kabula mfukoni, nikaibana kwa nati kwenye ncha ya waya, chini kabisa, na kuifukia. Kwa ufundi haiongezi kitu na haipunguzi kitu. Ilikuwa mali ya shule, na yeye alisema ingerudishwa. Watu walikuwa wamesimama kwenye kibaraza wakinitazama. Hakuna aliyerekodi.

Masika yamefika katikati sasa. Mwalimu mkuu ananiambia waya ni mzima. Hakuna mtu anayeusogelea. Watoto wanaupita kwa mbali, na mlinzi anafukuza hata mbuzi. Habari iliyoenea ni kwamba mhandisi amezika pale kitu cha mke wake marehemu, na atakayekata waya, marehemu atamtokea.

Mkwe wangu, Mzee Masunga, yu hai bado, macho yake yana ukungu. Nilikwenda kumsalimia Jumapili iliyopita.

"Mkwe wa watu," alinitania, kisha akaacha utani. "Wanasema umeweka dawa pale shuleni. Kweli?"

"Nimeweka bangili ya Kabula, baba."

Aliweka mikono yake magotini. Vidole vyake vilijikunja, kana kwamba vimeshika kitu kinene.

"Ile ya waya," alisema.

"Ile ya waya."

"Basi hawatakata."

"Hawatakata."

Sijawasahihisha na sitawasahihisha. Chini ya paa lile wanakaa watoto, na wako waliokaa upande wa dirisha. Mwalimu Deodati angenidharau kwa hili, na angekuwa na haki. Yeye alitaka tuelewe. Mimi nataka tu wasiguse.