Mstari wa Rangi ya Kucha

Miaka ile Babati ilipofanywa makao makuu ya mkoa mpya, watu walihamia mjini kwa wingi na kila mtaa ukataka mashine yake ya kusaga. Karakana niliyofanyia kazi ikaacha kutengeneza vilivyoharibika, ikaanza kuunda mashine mpya. Bosi wetu alipanga kazi kwa mstari: huku wanachomelea fremu, pale wanafunga mota na puli, mwisho meza ya umeme. Kwenye meza hiyo tulikuwa wawili. Mimi nilikuwa na kidato cha nne na miaka mingi ya ufundi. Mwenzangu alikuwa binti wa Dareda, aliyesomea umeme chuoni.

Tulikuwa tunaunganisha boksi la stata, lile lenye vitufe vya kuwashia na kuzimia mota. Ndani yake nyaya hubanwa kwa skrubu, na skrubu ikilegea hupata joto mpaka inaunguza. Binti yule alikuja na utaratibu wake. Kila akishakaza skrubu, alichovya brashi kwenye chupa ya rangi ya kucha, nyekundu, akachora mstari mwembamba kutoka kichwa cha skrubu hadi chuma cha pembeni. Skrubu ikizunguka hata kidogo, mstari unakatika, nawe unajua imelegea.

"Hii karakana au saluni?" nilimwuliza siku ya kwanza. Watu wakacheka.

"Saluni, mzee. Lete na wewe hizo kucha zako," akajibu bila kuinua kichwa. Wakacheka zaidi.

Bosi aliupenda utaratibu ule, akaufanya sheria: boksi lisilo na mistari halitoki. Mimi niliona nimefundishwa kazi na mtoto. Nilichora, lakini kwa kununa.

Siku moja lori la kupeleka mashine Sigino lilikuwa linanguruma getini. Boksi la mwisho alilianza yeye, kisha akaitwa kwenda kuangalia mota iliyokuwa inazunguka kinyume. "Mzee, nimalizie hili, zimebaki skrubu tatu za chini," akaniambia. Nilizizungusha zile skrubu kwa vidole tu, bila bisibisi. Bosi alikuwa anakuja kukagua, nami sikutaka anikute nimechelewa mbele ya dereva. Nikachora mistari kwanza, nikijiambia kwamba akishapita nitazikaza na kuchora upya. Akachungulia, akaona wekundu, akasema, "Haya, funga." Nikafunga kifuniko. Nilikumbuka skrubu zile lori likiwa linatoka getini. Ningeweza kupiga kelele. Nilikunja mikono.

Wiki chache baadaye alikuja mama mwenye mashine ile, mkono umefungwa bendeji, boksi lake kwenye kiroba. Lilishika moto akiwa anasagia watu, akaungua akikimbilia kuzima umeme. Upande mmoja wa boksi ulikuwa mkaa. Upande wa pili ilibaki skrubu moja ya chini, na mstari wake mwekundu mzima kabisa. Bosi akaigusa, ikacheza.

"Mstari haujakatika, na skrubu imelegea," akasema polepole. "Kwa hiyo ilichorwa ikiwa hivi hivi. Nani alifanya hili boksi?"

"Nililianza mimi," akasema binti. "Skrubu za chini nilimwachia mzee."

Wote wakanigeukia, na yule mama na mkono wake.

"Usinisingizie, binti," nikasema. "Mimi siku ile nilikuwa kwenye puli."

Binti alinitazama kama mtu aliyekosea mlango. Kisha akavua koti la kazi, akamwambia yule mama pole, akaondoka. Chupa ya rangi aliiacha mezani. Niliitumia mpaka ikaisha.

Nilikaa na jambo hilo hadi nilipostaafu. Siku moja nilielekezwa nyumbani kwa yule binti, Nangara, nikamkuta anashona nguo barazani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Hakuacha kushona.

"Hayo nayajua, nilikuwepo," akasema. "Bosi umemwambia?"

"Bado."

"Basi umekosea nyumba."

Nilikwenda Singe, kwa bosi, naye sasa ni mzee kama mimi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Sikutegemea alichonijibu: "Walikuja wenye karakana wawili kuniuliza habari zake kabla ya kumwajiri. Niliwaambia huyo anachora bila kukaza." Mmoja amefariki, akasema. Akatafuta namba ya yule mwingine, akapiga, akanipa simu. "Sema wewe."

Nikasema: yule fundi wa kike aliyekuja kwako kuomba kazi ya umeme hakuwa na kosa, kosa lilikuwa langu.

"Fundi yupi?" ikauliza sauti. "Mzee, mimi simkumbuki."

Nikaanza kumwelezea. Dareda, mwembamba, alisomea chuo. Bado hakumkumbuka. Nikasema, yule aliyekuwa anachora skrubu kwa rangi ya kucha.

"Ah, huyo!" akasema. "Yule mwongo."

Nikaomba anisikilize tena, tangu mwanzo. Bosi alikuwa ameangalia chini.