Uzi wa Bluu wa Kitanda cha Tisa

Kwa miaka kumi na tisa dobi wa hospitali alikuwa ametumbukiza mikono yake katika damu, usaha na jasho la watu asiowajua, na hakuna siku hata moja aliyokunja pua. Wenzake wa chumba cha kufulia walimwita Mama Povu. Alifua mashuka ya aina mbili: ya wodi ya kulipia, yaliyoshonwa uzi wa bluu kwenye pindo, na ya wodi ya wote, yenye uzi mwekundu. Shuka la bluu likichakaa, au likipata doa lisilotoka, "lilishushwa". Dobi alifumua uzi wa bluu, akashona mwekundu, na shuka likateremka ghorofa moja kwenda kwa watu ambao hospitali iliona kwamba doa haliwadhuru. Kazi hiyo aliifanya bila kuwaza, mpaka dada yake mkubwa alipolazwa huko chini.

Dada huyo, mpishi wa shule aliyestaafu, ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Kiharusi kilikuwa kimemlaza upande mmoja, ila ulimi kiliuacha mzima. Wodi ilikuwa na vitanda arobaini na mashuka ishirini na mawili, na kitanda cha tisa hakikupata. Dada alilala juu ya godoro la mpira mtupu, na siku ya nne ngozi ya mgongo ikaanza kubaki godoroni.

"Nimekuwa ukoko, mdogo wangu," alisema. "Sibanduki mpaka nikwanguliwe."

Dobi alicheka. Kisha akatoka nje, akalia.

Asubuhi iliyofuata alichagua shuka la bluu lenye doa la dawa, ambalo zamu yake ya kushushwa ilikuwa imefika. Hakuiba. Ila alikuwa na haraka ya kumfikia dada, na kwa mara ya kwanza katika miaka yake yote ya kazi akasahau kufumua uzi.

Ilikuwa desturi kwamba wodi ya juu ikijaa, wagonjwa wake huhifadhiwa chini kwa siku mbili tatu, na alama yao ni pindo la bluu. Saa nne alipita daktari mpya, kijana. Akaiona bluu. Akavuta kiti, akaketi.

"Shikamoo, mama. Umelalaje?"

"Marahaba, mwanangu. Upande mmoja umelala, wa pili umesusa."

Daktari akacheka. Akamweleza ugonjwa wake taratibu, akaukagua mgongo, akaandika kwamba ageuzwe kila baada ya saa mbili na vidonda visafishwe asubuhi na jioni. Wauguzi waliokuwa wakimwita "Tisa" wakaanza kumwita mama. Baada ya siku nne vidonda vilianza kukauka. Dada akaomba kitana.

"Unajua leo yule daktari kaniuliza nini? Nilikuwa napikia watoto wangapi! Nikamwambia mia nne, na hakuna aliyeumwa tumbo, labda walioiba kiporo."

Siku hiyo ndipo dobi alipouona uzi. Wembe wa kufumulia ulikuwa mfukoni mwake. Aliutoa, akamtazama dada akijichana kwa mkono mmoja, akaurudisha.

Ijumaa akapita msimamizi wa stoo, akihesabu mashuka.

"Huyu ni wa juu?"

Muuguzi akafungua faili. "Wa hapahapa."

"Basi liondoeni."

Wakamviringisha dada upande, wakalivuta. Dobi akaitwa.

"Lakini lina doa, bosi. Lilikuwa linashuka tu."

"Linashuka likiwa jekundu, Mama Povu. Utaratibu unaujua wewe kuliko mimi." Akamkabidhi barua ya onyo, na dobi akalirudisha shuka kitandani likiwa na uzi mwekundu.

Mgongo ulikuwa uleule, ugonjwa uleule, mwanamke yuleyule. Kilichoondoka ni uzi tu, na kwa uzi huo watu wenye elimu na viapo waliamua nani anastahili kuulizwa alivyolala. Daktari alipoelezwa aliona haya. Lakini haya hiyo, badala ya kumrudisha kitini, ilimpitisha upande wa pili wa wodi. "Mama" akawa "Tisa" tena. Dobi alikuja kumgeuza kila mapumziko, ila mapumziko yalikuwa mawili tu kwa siku. Vidonda vikafunguka, homa ikaingia.

"Mwanangu hajapita?"

"Ana wagonjwa wengi, dada."

"Kapita. Nimemwona pale dirishani, kageuza uso." Dada akajipapasa nywele kwa mkono mzima. "Nilizidisha utani, eh?"

Dobi alifungua kinywa amweleze. Ukweli ulikuwa mchungu kuliko kosa lile la kubuni, na hakupata namna ya kuutamka mbele ya uso ule.

"Hukuzidisha, dada."

"Hata hivyo, ukimwona niombee radhi."

Alifariki Jumanne asubuhi, akiamini kwamba alimkosea daktari adabu.