Mkwe Niliyemchagua kwa Mshahara

Jamani, ulimi wangu huu ungekuwa jino, ningekwenda kung'olewa.

Hapa kisiwani Juani tuna nesi, binti mpole, na kila akipita na sare yake nyeupe mimi naona fedha tupu. Mtu wa serikali yule! Mwezi ukiisha mshahara unaingia, mvua inyeshe isinyeshe. Nikaamua moyoni kwamba ataolewa na mwanangu Hamisi.

Jumamosi, maji yalipokupwa, nilikuwa shambani kwangu baharini, nafunga mbegu za mwani kwenye kamba. Kwenye shamba la jirani yangu Bi Zuhura kulikuwa na mwanamke ameinama, kajifunika kanga usoni kwa ajili ya jua, macho tu ndiyo yaliyo nje. Nikamdhania mpwa wake, kaja kumsaidia. Mimi kufunga mwani kimya siwezi, basi nikaanza.

"Mwanangu akimwoa yule nesi, mwani huu mtaufunga wenyewe. Mimi nitakaa barazani na chai yangu ya maziwa. Yule ana hela mpaka hajui azipeleke wapi!"

"Mmh," akaguna.

"Na vile vidole vyake laini! Maji ya chumvi hajayagusa tangu azaliwe."

Akanyoosha mgongo, akashusha kanga. Nesi mwenyewe.

"Shikamoo, mama. Kamba hizi tatu kanigawia Bi Zuhura, nami nipate cha kujikimu. Hamisi sina neno naye. Ila huo mshahara, miezi sasa haujaingia; ukiuona, niambie uliko."

Nikaitikia marahaba. Maji yalinifika magotini, nami nikayaomba yapande mpaka kichwani.