Nilivyorukia Uzamili Nikiwa na Kidato cha Pili

Siku nilipopeleka fomu yangu ya chuo ofisini tulikuwepo wanne: meneja wetu Mama Neema, Bakari dobi, mdogo wangu Mwanaidi aliyekuja kunipongeza, na mimi, msimamizi wa vyumba katika hoteli moja hapa Mafia.

Mama Neema alikuwa ameahidi kunihamishia ofisi ya rasilimali watu, niwe afisa, nikipata chuo. Kilichoniponza ni ukubwa. Wazazi walipofariki niliacha shule kidato cha pili ili Mwanaidi asome, na sasa ana stashahada ya uuguzi. Niombe astashahada, niwe chini yake? Niombe stashahada, tulingane? Mkubwa mzima wa nyumba! Nikajaza fomu ya stashahada ya uzamili, nikatangaza mpaka kijiji cha Ndagoni.

Meneja alisoma fomu, akavua miwani.

"Tatu, hii ni ya wenye shahada. Yako iko wapi?"

"Mama, nina uzoefu wa miaka tisa."

"Wa vitanda. Anza na mtihani wa maarifa, ule wa walioacha shule njiani, kisha ufanye wa kidato cha nne, ndipo uombe astashahada. Nafasi siwezi kuishikilia muda wote huo."

Mwanaidi aliinamisha kichwa. "Dada, si ungeniuliza?"

Hilo ndilo lililoniudhi zaidi, maana alisema kweli.

Bakari alikuwa amenishikia zamu sita za jioni ili nishughulikie maombi hayo. "Da Tatu, zamu zangu atanilipa afisa au msimamizi?"

"Msimamizi," nikajibu.

Mpaka leo nimemrudishia mbili tu. Jioni nyingine zote nasomea mtihani wa maarifa.