Bloku Niliyoiosha Shanwe

Siku niliyosema sasa basi, mwanangu, wewe ulikuwa mgongoni mwangu umelala, na fundi wa gereji ya mtaa wa Majengo alikuwa ananiambia niende nyumbani nikapike. Injini ya pikapu yetu ilikuwa imenoki, yaani inagonga kwa ndani, mara ya pili baada ya yeye kuifungua na kuifunga, na bado akasema kosa ni la mama anayeendesha kama anaswaga ng'ombe. Wenzake wakacheka. Baba yako alikuwa shambani kwetu, kijiji cha Mamba, mpunga umeshapigwa na kurundikwa shambani, na mifugo imeanza kuachiwa kwenye mabua. Bila gari, chakula chetu kingeishia kwenye matumbo ya ng'ombe wa watu.

Nikaita guta la mizigo. Nikasema pakieni bloku yangu, kile chuma kikubwa cha injini kilicholazwa mchangani kikiwa kitupu, naondoka nayo. Nia yangu ilikuwa kwenda kuimwaga mlangoni mwa ofisi ya mtaa, nitukane, nirudi. Hasira hasara, ndiyo, lakini mwenye hasira methali hazikumbuki.

Tulipofika mtaa wa Shanwe nikakutana na Babu Nswima, fundi wa magari aliyekwishastaafu, jirani wa bibi yako. Yeye Mfipa, sisi Wanyamwezi, na makabila haya ni watani, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kunibembeleza. Alisimamisha guta, akaniacha nifoke mpaka nikaishiwa pumzi.

"Nyie Wanyamwezi," akasema, "kichwa mnakijua kwa kubebea mizigo tu."

"Na nyie Wafipa mnaosafiri kwa ungo, injini mmeijulia wapi?"

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akauacha utani, akaniuliza nikifika ofisini nitasema nini. Nikamwambia nitasema fundi ni mshenzi. Akanijibu kwamba fundi naye atasema mama ni mgomvi, na mwenyekiti atamsikiliza aliyetulia.

"Mjukuu wangu, jua kwanza alichokukosea. Ndipo ukashitaki."

Yaliniuma, mwanangu. Leo namshukuru, na nitamshukuru mpaka nife, maana angeweza kunipa pole tu nikapita.

Tukaishusha bloku uani kwake, juu ya magogo. Nikamwambia mbona hii imeoshwa, tazama inavyong'aa. Akasema hata sufuria hung'aa nje. Akanionyesha: haya matundu makubwa ni silinda, humo pistoni hupanda na kushuka, huku pembeni maji hupita kupoza chuma, na hivi vinjia vyembamba, ambavyo mtu hata havioni, ndimo oili inamopita kwenda kulainisha krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni. Mwisho wa kila kinjia kuna kizibo cha kufungua kwa spana. Nilipoinama kutazama nikaona rangi ya zamani imevifunika vizibo vyote, haijachubuka hata kidogo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Spana ya fundi haikuwahi kufika pale, si mara ya kwanza, si ya pili.

Babu akavifungua, mimi nikaosha kwa dizeli. Wewe uliamka ukalia, bibi yako akaja kukuchukua, akanitazama nilivyolowa dizeli, akasema binti yake amepotea. Nilichukua waya wenye kitambaa, na brashi ya chupa yako ya uji pale ilipoenea, nikasukuma kila kinjia. Likatoka tope jeusi lenye chenga. Babu akalisugua kati ya vidole, akanipa na mimi nisugue: lilikwaruza. Ulikuwa unga wa msasa waliosugulia silinda, umechanganyika na oili kuukuu. Injini ikiwaka, oili inaubeba mpaka kwenye krenki, nao unatafuna metali zake, vile vipande laini vinavyoishikilia izunguke. Ndiyo ile kelele ya kunoki.

Tukarudia kwa maji ya moto na sabuni ya unga, tukasuuza, tukapuliza kwa pampu ya upepo, halafu haraka tukaipaka oili, maana chuma kikioshwa kinataka kutu papo hapo. Nilipopitisha kitambaa cheupe ndani ya silinda kikatoka cheupe, sikufoka tena. Nilikuwa na hasira ileile, ila sasa nilijua inaelekea wapi.

Gari ile ndiyo inayokupeleka shule. Mpunga wa mwaka ule uliingia ndani.

Sasa sikia, mwanangu. Mimi sijawa bibi, lakini hili nimelilipia kwa mikono yangu. Ukionewa, kasirika, usimeze. Ila kabla hujafungua mdomo, fungua kizibo uone kilichomo. Na mtu akikugombeza kwa faida yako, mshukuru hata kama amekutania kabila lako. Mungu akupe macho ya kuinama na kuona, na mdomo usiotetemeka ukisimama mbele ya wakubwa.

Mimi, nilipokwisha kuiosha bloku ile, nilisimama mbele ya mwenyekiti wa mtaa, fundi yuko pembeni, mtendaji anaandika. Nilisema hivi:

"Namlalamikia fundi huyu. Ameifunga injini yangu mara mbili bila kutoa vizibo vya njia za oili. Rangi haikuchubuka, Babu Nswima ni shahidi, na tope lililotoka ni hili hapa, mwenyekiti, lisugue kwa vidole vyako. Sikuja kutukana. Bloku nimeshaiosha mwenyewe. Naomba uamuru aweke metali mpya na kuifunga upya leo, mbele yangu, na mimi nitakaa pale na mtoto wangu mpaka iwake."